Kumi Isiyotajwa

Zipu ya begi ina sauti yake. Ukiivuta haraka hulia mara moja ikanyamaza. Lakini mtu akiivuta polepole gizani, hataki kusikika, hulia jino moja moja, tri, tri, tri, kama panya anayetafuna karatasi kwa adabu. Hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha Jumatano ile alfajiri. Ilitoka nyuma ya pazia, upande wa wifi.

Nikamgusa mume wangu begani. "Umesikia?"

"Nimesikia." Kumbe hakuwa amelala. "Ni dada, anapanga nguo zake."

"Kwenda wapi?"

"Kwa mjomba, Jumamosi akitoka kazini. Aliniambia jana. Anasema mjomba amezeeka, anahitaji mtu wa kumpikia."

"Mjomba ana mabinti watano pale nyumbani."

"Najua."

Sote wawili tulijua kwamba shida haikuwa chakula cha mjomba. Shida ilikuwa Jumapili. Jumapili ile binti yetu angetimiza miaka kumi, na nyumbani kwetu kumi ilikuwa haitajwi.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, aliyempata baada ya kungoja hadi watu wakachoka kumuuliza. Mtoto huyo alishikwa na homa Jumatatu, Alhamisi akafariki. Alikuwa ametimiza miaka kumi wiki chache kabla. Baada ya mazishi wifi alihamia kwetu, na sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Msifikiri tulikuwa tumebeba mzigo. Ni yeye aliyenibeba mimi. Nilikuwa nimeacha shule mapema, sijui kusoma hata kibao cha duka bila kuuma midomo, na ni yeye aliyenisukuma niende masomo ya jioni. "Nenda, mwanafunzi," alikuwa akiniambia. "Mtoto nitabaki naye." Mimi nikaenda, nikakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, na yeye akabaki anamwogesha binti yangu, anamlisha, anamlaza. Kila herufi ninayoijua leo, jasho lake limo.

Binti yangu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haufungwi tangu ulipofunguka. Alipokuwa na miaka minane, yeye na shangazi yake walikuwa chanda na pete. Alipofika tisa, wifi akaanza kupungua. Haikuwa ugomvi. Alikuwa tu anapungua, kama sabuni. Mtoto akikaa karibu naye, yeye huinuka kana kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Siku moja Chiriku akaniuliza, "Mama, shangazi amenichukia?"

"Hapana, mwanangu. Amechoka."

"Amechoka na mimi?"

Baba yake ndiye aliyetoa amri: asitaje umri wake mbele ya shangazi. "Ukiulizwa hapa nyumbani, sema wewe ni mkubwa, basi." Chiriku, ambaye hawezi kuficha hata pipi iliyomo mdomoni, alikubali kwa kichwa.

Mimi na wifi tunafanya kazi karakana moja. Tunashona sare za shule. Mimi ni wa vifungo: natoboa matundu, nashona vifungo, nakata nyuzi zinazoning'inia. Yeye ni mkataji. Na mkataji ndiye mwenye karakana, hata kama jina la mlangoni ni la mwingine, kwa sababu kosa la cherehani hufumuliwa, lakini kosa la mkasi halina dawa. Hutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, huweka karatasi ngumu ya kipimo, huizungushia chaki, kisha mkasi huingia bila kusita. Sare zina namba, na namba zinafuata umri. Namba sita ni ya mtoto wa miaka sita, saba ya miaka saba, hivyo hivyo hadi kumi na sita. Wifi alikata zote isipokuwa moja. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo. Wiki ile aliyorudi kazini baada ya msiba, alifika kwenye karatasi ya namba kumi akasimama, mkasi umefunguka mkononi. Msimamizi wetu akaja, akaichukua karatasi bila neno, akaenda kukata mwenyewe. Ikawa ndiyo desturi.

Huyo msimamizi tunamwita Bwana Futi, kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Wanasema alivaa nayo siku ya arusi ya binti yake, akampima na bwana arusi. Moyo wake hauna kasoro. Mkono wake wa kukata ndio wenye matatizo. Kwa miaka miwili watoto wa miaka kumi wa mji mzima wametembea na kola zilizoegemea upande mmoja, kama watu wanaosikiliza redio ya jirani.

Jumatano hiyo, wakati wa chai, nilimfuata wifi kwenye meza yake.

"Wifi, nasikia unatukimbia."

"Nani anakimbia? Nakwenda kwa mjomba."

"Mjomba ana mabinti watano."

"Basi nitakuwa wa sita." Akapuliza chai yake. "Usinitazame hivyo, mwanafunzi. Uso wako una maswali kama karatasi ya mtihani."

"Mtoto ndiye anayeuliza. Anadhani humpendi."

Akaweka kikombe chini, mbali na kitambaa, kama afanyavyo siku zote. "Mwambie shangazi yake anampenda," akasema. "Mwambie hivyo hivyo. Lakini Jumapili atafika kumi. Mwakani kumi na moja. Wifi, atampita dada yake. Mwanangu ndiye alikuwa mkubwa, yeye alikuwa mdogo wake, na sasa anampita, nami nikae pale nikitazama? Siwezi."

Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Siku hiyo nilishona kifungo kimoja nyuma ya shati.

Sasa, Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Kikundi cha sala cha mtaa wetu hukutana kila wiki nyumba tofauti. Wenye nyumba husoma Injili ya juma na kusema maneno mawili matatu. Zamu zilizopita alisoma mume wangu. Safari hii niliomba nisome mimi, nikitaka kumshukuru Mungu kwa herufi zangu. Nilipofungua kitabu kujiandaa, nikakuta sehemu ya juma lile ni Marko tano: binti wa mkuu wa sinagogi, aliyekufa, Bwana akamwinua. Maneno yale yale aliyosoma mzee wa kanisa siku ya kumzika mtoto wa wifi. Tangu siku ile wifi hajaingia kanisani. Hasemi kitu kibaya juu ya kanisa. Jumapili hubaki nyumbani akafua mapazia.

Nikaenda kwa kiongozi wa kikundi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuimba inayofika mtaa wa tatu, ndiyo maana tunamwita Mama Sauti. Nikamwomba tubadilishe somo.

"Kwa nini?"

"Wifi yangu atasikia. Pazia halizuii sauti."

Akafikiri kidogo. "Mama, Injili haichagui nyumba. Inaingia kama mvua, na inaanzia pale bati lilipotoboka. Soma tu."

Ni rahisi kusema hivyo kama bati si lako.

Kwa hiyo nilipanga ujanja. Katika sura ile kuna habari mbili, moja ndani ya nyingine. Baba anakuja kumsihi Bwana kwa ajili ya binti yake anayekaribia kufa. Bwana anaondoka naye. Njiani mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili anagusa vazi lake, anapona. Nikajiambia: nitasoma hadi kwa huyo mwanamke, nitamwacha aende zake kwa amani, nifunge kitabu, nizungumze juu ya imani inayogusa pindo. Yule msichana nitamwacha kitandani kwake.

Alhamisi jioni watu walikuja, wanane au tisa. Tuliazima benchi kwa jirani. Wifi aliwasalimu vizuri, akawapa maji ya kunywa, kisha akaingia nyuma ya pazia. Nikasoma. Chiriku alikaa ubavuni mwangu akifuata maneno kwa kidole, maana na yeye anajua kusoma sasa na hataki tulisahau hilo. Nilipofika kwa yule mwanamke, nikavuta pumzi, nikafunga kitabu. Kidole cha Chiriku kikabanwa ndani.

"Aa! Mama, umeruka," akasema kwa nguvu. "Bado yule msichana."

Watu wakacheka. "Tumeletewa mkaguzi," akasema Mama Sauti. "Endelea, mama, usimwache mtoto wa watu kitandani."

Ningefanya nini? Nikafungua tena. Nikasoma jinsi watu walivyokuja kutoka nyumbani kwa yule baba wakasema binti amekufa, kwa nini kumsumbua Mwalimu. Jinsi Bwana alivyokuta watu wanalia na kupiga kelele, akawaambia mtoto amelala tu, wakamcheka. Jinsi alivyowatoa wote, akaingia na baba na mama. Akamshika mtoto mkono, akamwambia, "Talitha, kumi."

Pazia likasogea. Wifi alikuwa amesimama pale, mkono mmoja umeshika kitambaa.

"Rudia hapo," akasema.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Rudia, wifi."

"Talitha, kumi."

"Ndiyo hayo." Alisema taratibu, kama mtu anayesimulia jambo la kazini. "Siku ile mlipomweka mwanangu katikati ya sebule, mzee wa kanisa alisoma maneno hayo. Sikusikia mengine. Nilisikia Bwana amemshika mtoto mkono, akasema kumi. Nikajiambia, jamani, si wangu huyu? Si miaka yake hii? Ametajwa kwa hesabu yake. Wanaume walikuja kumbeba, nikawaambia ngojeni kidogo. Mnakumbuka?"

Tulikumbuka. Tulidhani ni uchungu tu.

"Walingoja. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Miaka miwili najiuliza. Aliitwa kwa umri wake, mbona hakuamka? Yule mwingine aliamka. Wangu alikosa nini? Au ni mimi niliyekosa?"

Ndugu yangu unayesoma haya, hapo ndipo nilipokosea, na nimeyaandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye siku moja atasoma Injili katika nyumba yenye jeraha. Nilikuwa na jibu. Nililiona jibu pale kwenye karatasi, limeandikwa kabisa, na moyo wangu ukaruka kama wa mwanafunzi anayejua swali la mwalimu kabla ya wengine. Sikuuona uso wa wifi. Niliona jibu.

"Wifi, kumi hapo si ya kuhesabu!" nikasema. "Si Kiswahili. Ni lugha yao ya kule. Ulisikia vibaya. Ona, imeandikwa hapa, tafsiri yake ni inuka. Msichana, inuka."

Hajui kusoma, lakini alikuja akaangalia pale kidole changu kilipoelekeza. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Inuka," akasema.

"Ndiyo."

"Na huyo msichana alikuwa na miaka mingapi?"

Ningeweza kunyamaza. "Kumi na miwili."

"Ahaa." Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anapokuta jora la kitambaa limepungua urefu. "Basi hakuwa wangu. Mimi nilidhani aliitwa hakusikia. Kumbe hakuitwa. Mwanangu hakuambiwa kitu."

Akarudi ndani, pazia likashuka.

Mama Sauti alianzisha wimbo, akaimba mstari mmoja, akaacha. Sijawahi kumwona akiacha wimbo. Akasema tu, "Bwana, unatuona," tukaitikia amina, watu wakaondoka wakinyanyua benchi badala ya kuliburuta. Mlangoni alinishika mkono. "Hukusema uongo, mama," akaniambia. "Ila uliwahi mno."

Ijumaa kazini wifi alikata bila kuinua macho. Niliposema "Habari za asubuhi" aliitikia "Nzuri" kwa heshima zote, na heshima ile iliniuma kuliko tusi. Wakati wa chai nilibaki kwenye kiti changu nikatoa kile kitabu. Nilitaka kujua ni wapi hasa nilipopotea njia. Nikasoma ile sehemu polepole, neno kwa neno, kama siku zile za mwanzo nilipokuwa nasoma kwa kuuma midomo. Nikaona utaratibu ambao sikuuona jana. Kwanza Bwana aliwatoa watu. Kisha akaingia pamoja na wazazi. Kisha akamshika mtoto mkono. Neno lilikuja mwisho. Mimi nilikuwa nimeanza na la mwisho, mbele ya watu, na mkono wangu ulikuwa umeshika kitabu.

Jioni nilimwambia mume wangu amchukue Chiriku wakatembee.

"Tutembee wapi?"

"Popote. Mkazunguke soko."

Akanielewa. Hata jirani aliyekuja kuchukua benchi lake nilimpokelea mlangoni, sikumkaribisha. Kisha nikaenda upande wa wifi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba, zetu kwanza, zake baadaye. Nikakaa. Nikamshika mkono. Kidole chake gumba kina sugu mahali pete ya mkasi inapokaa. Hakuuvuta. Tulikaa hivyo mpaka nikasikia mguu wangu umekufa ganzi, na sikusema kitu, na kwa mtu kama mimi kunyamaza kiasi kile ni kazi ya kulipwa.

"Kitabu kiko wapi?" akauliza hatimaye.

"Kipo."

"Soma tena ile. Usinifundishe. Soma tu."

Nikasoma. Nilipofika kwa wale waliocheka, akanisimamisha.

"Waliomcheka aliwafanya nini?"

"Aliwatoa nje."

"Safi," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Wazazi wakaingia na Bwana mahali alipolala mtoto. Akanisimamisha tena.

"Yule mama. Mama yake msichana. Alisema nini?"

Nikatafuta kwa macho, ingawa nilijua. "Hakuna palipoandikwa kwamba alisema."

"Baba ndiye aliyekwenda kuomba."

"Ndiyo."

"Na mama alibaki na mtoto." Aliutazama mkono wake ndani ya wangu. "Alikuwa akingoja, huyo. Unapokaa na mtoto aliyelala hivyo huwezi kusema neno. Unangoja tu." Akavuta pumzi. "Soma lile neno."

"Talitha, kumi. Msichana, inuka."

"Inuka," akasema naye. Kisha tena, kwa sauti ya chini zaidi: "Inuka. Si hesabu. Si umri wa mtu." Nje mtu alikuwa anafunga dirisha. "Basi ni neno la mtu yeyote aliyelala. Ni lake huyo wa kumi na miwili, ni la wa kumi, ni la mzee." Akafuta uso kwa fulana ya mume wangu aliyokuwa ameikunja. "Wangu hajaambiwa."

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni aliwahi kuandika ubaoni maneno mawili: hakuja, hajaja. Akatuuliza tofauti yake, sisi watu wazima tukaanza kubabaika. Akasema: "Ukiambiwa mgeni hakuja, funga mlango ulale. Ukiambiwa hajaja, acha taa." Tukacheka, tukaandika kwenye daftari.

Alhamisi wifi alisema hakuambiwa. Ijumaa alisema hajaambiwa. Hajawahi kukaa kwenye dawati lolote. Lugha yenyewe ilimtoka hivyo. Nililisikia lile badiliko likipita mbele yangu, na ulimi wangu, nakiri, ulishatoka nusu njia kwenda kumweleza alichokisema. Nikauuma. Nikaendelea kuushika mkono.

Sijui wafu wataitwa lini. Sikuandika haya kama ninayejua. Najua tu kwamba kuna mahali pa kungojea kati ya "aliitwa hakusikia" na "hakuitwa kabisa," na kwamba mama aliyemo ndani ya Injili ile, ambaye hakuandikiwa neno hata moja, alisimama mahali hapo. Tangu siku ile, ninapowaombea wenye msiba, namtaja na yeye.

Baba Chiriku na mtoto wakarudi kutoka sokoni na mkate na uvumi wa mtaa mzima. Wifi alikula, akaingia kulala. Hakusema anabaki wala anaondoka, na hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi tunafanya kazi nusu siku. Nilifika na moyo mzito, maana ile ndiyo siku aliyoitaja. Kulikuwa na oda ya shule moja, namba nane hadi kumi na mbili, mashati ya kiume na ya kike. Wifi akakata nane. Akakata tisa. Bwana Futi akaja, kama kawaida yake, akachukua karatasi ya namba kumi, akaanza kuondoka nayo kuelekea meza ya nyuma.

"Inakwenda wapi hiyo?" wifi akamuuliza.

Bwana Futi akasimama. Alitutazama sote, kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Nakwenda… nilitaka kukusaidia, mama."

"Umenisaidia vya kutosha. Watoto wa watu shingo zimepinda. Ilete."

Karakana nzima ikacheka, na Bwana Futi akacheka kuliko wote, lakini alipoirudisha ile karatasi niliona anaishika kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwingine mtoto mchanga. Wifi akaiweka juu ya kitambaa. Akachukua chaki. Mstari wa kwanza uliyumba. Akaufuta kwa kiganja, akaanza upya. Vyerehani viliendelea kulia kwa sababu kila mmoja alijitahidi viendelee. Kisha mkasi ukaingia.

Ulipita begani, ukazunguka kwapani, ukashuka ubavuni. Nilihesabu tabaka: zilikuwa ishirini. Alipomaliza kipande cha kwanza alisimama kidogo, viganja vyote viwili juu ya meza, akiangalia kipande kile, upana wa mabega ya mtoto wa umri ule. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na chaki. Sikwenda kumwambia kitu. Nilikwenda nikasimama upande wa pili wa meza, nikashika kitambaa kisiteleze, akaendelea kukata.

Saa ya kufunga ilipofika bado kulikuwa na mashati ya kike. Bwana Futi akauliza, bila kumtazama mtu, yaliyobaki atamalizia nani.

"Mimi," wifi akasema. "Jumatatu. Na wewe usiyaguse."

Tulitembea pamoja kurudi nyumbani. Hakumtaja mjomba. Nami sikumtaja, nikihofia kumkumbusha.

Jumapili asubuhi Chiriku aliamka kimya. Alioga kimya, akavaa kimya, akanywa chai kimya. Tangu ajue kusema sijawahi kuona asubuhi kama ile. Baba yake alimpa mkono tu badala ya kumpongeza, na mimi nilimbusu kichwani haraka, kama tunaiba. Mtoto alikuwa amebeba siku yake mwenyewe kama bakuli lililojaa, akiogopa kumwaga.

Tukawa tayari kwenda ibadani. Wifi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, kanga mabegani.

"Huji, dada?" mume wangu akauliza.

"Leo hapana. Siku nyingine." Akafikiri. "Wimbo wa Mama Sauti utanifikia hapa hapa, sina shaka."

Tukacheka kidogo. Tulikuwa tunampita mlangoni alipoinua mkono. "Chiriku. Njoo."

Mtoto akanitazama. Nikampisha. Akaenda akasimama mbele ya shangazi yake, viatu vimebanana, mikono nyuma. Wifi akamwangalia kuanzia chini hadi juu, kwa jicho lile la mkataji, miguu, kiuno, mabega, shingo. Akanyoosha mkono. Chiriku akatoa wake nyuma ya mgongo, akampa.

"Umekua," wifi akasema. Akaanza upya. "Umekua, mwanangu. Una miaka mingapi sasa?"

Chiriku akamgeukia baba yake. Akanigeukia mimi. Mume wangu alikuwa anatazama mbali, barabarani. Mimi nilitaka kumjibia, Mungu anajua, nilikuwa na majibu matatu tayari mdomoni. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

Wifi hakuuachia mkono. Alingoja.

"Shangazi, leo nina miaka kumi," akasema mtoto.